Jeneza Lenye Chaga

Saa mbili na nusu asubuhi fundi seremala alikuwa amepiga magoti karakanani kwake, akipiga msasa ukingo wa jeneza la mke wake. Mke mwenyewe alikuwa yumo ndani tayari. Mazishi yalikuwa saa nne. Kwa haraka na kwa uchungu, mikono iliyotengeneza vitanda kwa miaka thelathini na tisa ilikuwa imefanya kosa: badala ya kupigilia ubao mmoja chini, ilipanga chaga, zile mbao nyembamba za kubebea godoro, tisa kwa idadi. Fundi alipogundua, marehemu alikuwa ameshalazwa. Akasema basi, mwacheni, mgongo ulimsumbua sana huyu.

Ndipo watu wa kodi wakaingia. Walikuwa wanne wenye bunduki, na wa tano asiye na bunduki, aliyesukuma sheria kwenye mkokoteni. Wakati huo sheria ya kodi ilikuwa majuzuu sita, hayabebeki. Huyu wa tano mtaani walimwita Bwana Kifungu, na tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akatoa pole, kisha akatoa futi akapima.

Jeneza halina kodi, alieleza. Lakini juzuu la tatu linasema chombo chochote cha mbao kinachomtosha mtu mzima, na chenye chaga, ni kitanda, na kitanda kina kodi. Fundi akamwambia mle ndani mna maiti. Bwana Kifungu akajibu kwa upole kwamba sheria haimwangalii aliyemo, inaangalia chaga.

Msomaji asidhani sheria ile ilijichanganya yenyewe. Kila kikao cha bunge waheshimiwa waliiongezea kurasa, na kila ukurasa ulikuwa na mwenyewe. Muuza makochi mkubwa wa mjini, mheshimiwa naye, alikuwa amejipatia wake, uliosema makochi ya ngozi ni zana za kilimo. Huyo alikuwa hajawahi kulipa hata senti, na bunduki pekee iliyosimama mlangoni kwake ilikuwa ya mlinzi wake.

Fundi alijaza fomu ya pingamizi palepale. Bwana Kifungu akaipokea vizuri, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akagonga muhuri ubavuni mwa jeneza: KITANDA. Kwenye daftari lake palikuwa na sehemu ya kueleza hali ya aliyemo, na kwa kuwa ni kitanda, akaandika: amelala.

Marehemu akakohoa. Akaketi, akajitoa pamba puani, akauliza ni nani aliyeruhusu watu kuingia na mabuti mahali alipofagia.

Waliokuja kuzika wakarudisha viti walivyoazima. Ikatangazwa kwamba rambirambi ziko mezani, mwenye yake achukue, na kila mtu akachukua ya kwake, wengine wakihesabu mara mbili. Mke wa fundi akabadilisha nguo, akaenda kufungua duka lake la nyuzi na zipu, maana lilikuwa limefungwa siku tatu na wateja si watu wa kusubiri.

Miezi minane ilipita hivyo. Mwili wake ulibaki baridi, na ilimbidi alale ndani ya kitanda kile na si kingine, kwa hiyo fundi alitandika godoro lake sakafuni kando yake. Kila mwisho wa mwezi bunduki nne zilikuja kuchukua kodi na faini ya kodi. Kwanza zikaisha akiba, kisha ikaondoka mashine ya kuranda. Fundi akarudia randa ya mkono, mabega yakamuuma, na wala hakunung'unika. Alikuwa na furaha, ile furaha ya kijinga ya mtu aliyerudishiwa kitu asichostahili kurudishiwa. Jioni walibishana kuhusu chumvi kwenye mboga, naye alishindwa kwa hiari yake.

Mwezi wa tisa ikaja barua. Pingamizi lake limesikilizwa, na ameshinda. Fundi aliisoma amesimama, akaenda ofisi ya kodi na vumbi la mbao kichwani.

"Nataka kuliondoa pingamizi langu," alisema.

"Mzee, umeshinda," alisema Bwana Kifungu. "Kuna watu wanaililia barua kama hii miaka kumi."

"Sitaki kushinda. Nitalipa. Andika kiasi chochote, nitalipa."

Bwana Kifungu alipekua majuzuu mawili, akamuonyesha. Fomu ya kuondoa pingamizi ilikuwa imefutwa kikao kilichopita, kwa ukurasa wa mheshimiwa mmoja aliyekuwa na ugomvi na mshirika wake wa biashara.

"Sheria iko upande wako, mzee," alisema, na kweli alionekana kusikitika. "Mimi nifanyeje?"

Nyumbani fundi alimwambia mkewe wahame, wakimbie, waende popote. Mke alikuwa akipanga zipu kwa rangi. Hakuinua kichwa.

"Twende wapi? Wao wana bunduki, wewe una magoti mabovu." Alimaliza rangi nyeusi, akaanza za bluu. "Yule fundi cherehani wa kona hajaja kuchukua zipu zake. Ameshalipa. Akija usimdai tena."

Walikuja siku ya pili, asubuhi, wanne na mkokoteni. Mke alikuwa amejilaza mapema ili wasije wakamshika. Bwana Kifungu alisoma uamuzi: chaga zilizo chini ya maiti zihesabiwe kuwa ubao mmoja. Akaazima patasi ya fundi, akakwangua muhuri wa zamani, akagonga mpya. Fundi alikuwa ameshika mkono wa mkewe. Mkono uliokuwa ukimminya ukaacha kumminya. Akalia kwa sauti, mzee mzima, na askari wanne wakaangalia dari.

Kwa kuwa walikuwa wanne na wana nguvu, wao ndio waliobeba. Bunduki ziligongagonga mbao njia nzima hadi makaburini.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Bwana Kifungu alimpa fundi karatasi asaini kwamba haki yake ameipata. Mashine ya kuranda haikuweza kurudi, alieleza, maana iliuzwa kwenye mnada na muuza makochi akainunua. Lakini kodi yote iliyolipwa kimakosa isingepotea. Ingekatwa kwenye kodi ya kitanda atakachotengeneza baada ya hapo.

Fundi akasaini. Akasema hatatengeneza kitanda kingine maisha yake yote.

Bwana Kifungu alimtazama kidogo. Kisha akainama kwenye mkokoteni, akafungua juzuu la sita, akaanza kutafuta ukurasa wa watu wa namna hiyo.