Maji ya Kumwoshea Jana

Jana binti Yazid alikata roho saa mbili asubuhi, nyumbani kwao mtaa wa Kuze, Alhamisi moja ya mwaka 1994. Kufikia saa nne sanda ilikuwa imekatwa na watu wameambiwa maziko ni baada ya alasiri. Lakini maji ya mfereji hayakumlowesha. Yalimteleza kama juu ya jani la yungiyungi, yakaishia kwenye ufuo uliochimbwa chini ya kitanda.

Bi Khairiya, mwosha maiti, alijaribu mara tatu.

"Huyu yuataka maji ya kwao," alimwambia Zubeida, dadake marehemu.

"Kisima chetu kiko uwanja wa ndege."

"Basi wangoja nini? Chukua ndoo."

Kisima alikichimba baba yao. Mwaka 1942 wanajeshi walilizungushia shamba lake waya, wakakifukia na kulaza lami ili ndege za vita zitue. Walimwambia vita vikiisha atarudishiwa. Vita viliisha. Wanajeshi waliikabidhi serikali uwanja, na ndege zikaanza kuleta watalii.

Zubeida alivuka tuta la Makupa kwenda bara, na ndoo mbili na kamba. Langoni, askari aitwaye Lennox alimtaka hatimiliki.

"Sina, mwanangu. Nina maiti."

Lennox aligeuka kutazama. Kisima kilikuwa kimefunguka katikati ya lami tangu saa mbili. Ndege moja ilikuwa imesimama mbele yake, mbili zikizunguka juu. Kilikuwa kimeshameza malori manne ya kifusi.

"Ukiteka, mama, kitajifunga?"

"Nikipata yangu."

"Pole kwa msiba. Pita."

Alipita katikati ya barabara ya ndege, buibui likipepea. Watalii walimpungia madirishani. Mikono yake ilikuwa na kazi. Alipoinua ndoo ya pili, lami ilijifunga. Meneja akatoa gari la zimamoto, nalo likavuka Makupa kwa king'ora, malori yakiliachia njia, hata tone lisimwagike.

Maji yalimlowesha Jana kuanzia nywele hadi visigino. Alizikwa kwa wakati, na jeneza lilipita mikononi mwa watu mia nne.

Wiki iliyofuata barua ilikuja kutoka uwanjani. Ardhi ni ya serikali. Familia itaruhusiwa kuteka maji kwa kibali cha mgeni, mradi itoe taarifa siku tatu kabla ya kifo.

Zubeida, mwenye miaka sabini na moja, aliandika taarifa yake siku hiyohiyo kwa herufi za Kiarabu. Mahali pa tarehe akapaacha wazi.