Anayegonga Rimu

Katika gereji za pale Kiamaiko, karibu na machinjio ya mbuzi, anayegonga rimu ndiye anayepiga wa kwanza. Rimu yenyewe ni ya lori. Imening'inizwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya chuma, na ikipigwa kwa spana mlio wake hufika hadi ng'ambo ya mto. Maana yake ni moja tu: mwizi. Zamani palikuwa na fundi aliyeigonga kwa chuki, akamnyooshea kidole jirani aliyekuwa akimshinda kwa wateja, na jirani yule akauawa bila kosa. Tangu hapo mafundi wakakubaliana kwamba mtu asiwaite wenzake kumwaga damu halafu yeye ajifiche nyuma ya migongo yao. Ukigonga, tangulia wewe. Mkono wako uonekane.

Thuo alikuwa mmoja wa walioitetea kanuni hiyo kwa nguvu. Aliiona ni ya haki.

Mchana ule alikuwa kwenye kibanda cha Kamene akila ugali na matumbo. Simu alikuwa ameiacha ikichajiwa kwenye duka la pili. Alikula polepole, kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi kubwa. Pikapu ya marehemu Zedekiah, mzee aliyekuwa akifanya kazi reli, ilikuwa tayari.

Kwa miaka mingi Thuo ndiye aliyeitunza. Aliifunga klachi mpya, akaifungua injini na kuirudisha, akaziba kutu ya sakafuni hadi kiraka kikawa kinashikilia kiraka. Mzee alipofariki, binti yake Clare, muuguzi aliyekuwa akiishi mtaa wa Fedha, akaileta na ombi jipya. Alikuwa amepata kazi kwenye zahanati moja huko juu ya Marsabit, mahali ambapo barabara inakwisha na gari linafuata mkondo wa mto mkavu. Akamweleza kwamba huko akina mama hushikwa na uchungu wakabebwa kwa machela kutwa nzima, na wengine hawafiki. Alitaka gari la kufika.

Thuo akalifanya la kufika. Alitafuta springi za lori lililokatwakatwa, akachagua majani ya chuma yaliyokuwa bado na uhai, akayapanga chini ya yale ya zamani mpaka tumbo la pikapu likawa mbali na mawe. Bomba la kuvutia hewa alilitoa kando ya injini, akalipandisha ubavuni mwa kioo hadi usawa wa paa, ili injini isinywe maji kwenye kivuko. Magurudumu ya mbele yalikuwa ya mtindo wa kale: ukitaka nayo yavute, lazima ushuke uzungushe kifundo cha katikati kwa mkono, kimoja kulia, kingine kushoto. Alivifungua, akavisafisha kwa petroli, akavipaka grisi. Bampa ilichomelewa na Mbugua, rafiki yake wa kibanda cha pili, wakicheka na kutaniana siku nzima. Mwisho kabisa Thuo akaweka swichi chini ya kiti cha dereva. Isipobonyezwa, gari haliwaki hata uwe na ufunguo. Hiyo hakumwonyesha Mbugua wala mtu mwingine. Alimwonyesha Clare peke yake.

Tonge lilikuwa bado mkononi alipoiona pikapu ikitoka.

Ilitoka taratibu, na utulivu huo ndio uliomchoma moyo. Mwezi uliopita gari la mteja lilikuwa limeibwa pale pale, mchana, na kijana aliyevaa vizuri ambaye aliwapungia mafundi mkono akipita. Mbugua, ambaye gari lile lilikuwa mikononi mwake, alibaki akisema kila siku kwamba mwizi wa sasa hana haraka. Na sasa nyuma ya usukani alikaa kijana wa shati jeupe ambaye Thuo hakuwahi kumwona.

Thuo alikimbia. Aliokota spana ya magurudumu, akaigonga rimu mara nyingi, mpaka mkono ukafa ganzi.

Kiamaiko yote ilisimama. Waendesha boda walilaza pikipiki zao langoni. Mafundi wakatoka chini ya magari na vyuma mikononi, wachinjaji wakaja na mabuti yenye damu ya mbuzi. Kijana alisimamisha gari, akafungua mlango, akashuka mikono ikiwa juu. Uso wake ulionyesha mshangao zaidi ya woga.

"Fundi, mimi ni wa—"

Thuo akampiga taya kwa spana. Alisikia mfupa ukivunjika kabla ya kuona damu. Kijana alianguka kwa magoti, akafungua mdomo kumalizia alichokuwa akisema, lakini kilichotoka ni meno. Kisha umati ukamfunika.

Walimpiga kama watu wanaopura maharagwe. Nondo ilipanda na kushuka. Mtu alimrukia mgongoni kwa miguu yote miwili. Jiwe lilimpata jichoni, na sauti aliyoitoa haikuwa ya mtu mzima. Thuo alirudi nyuma akihema. Injini ilikuwa ingali inanguruma, naye kwa mazoea ya kazi akapanda kuizima.

Akauona ufunguo. Haukuwa waya, wala bisibisi iliyochongwa, ulikuwa ufunguo. Akaingiza mkono chini ya kiti. Swichi ilikuwa imebonyezwa.

Watu waliojua swichi ile walikuwa wawili chini ya jua, na mmoja wao ndiye tu angeweza kumwambia kijana huyu.

Alishuka akipasua umati kwa viwiko, akipiga kelele kwamba waache, si mwizi. Hakuna aliyemsikia mpaka alipojitupa juu ya mwili ule. Nondo iliyokuwa ikishuka ikamwangukia yeye begani. Mbugua ndiye aliyekuwa ameishika.

"Toka hapo, buda," Mbugua alisema.

"Nimekosea. Huyu ametumwa na mwenye gari."

"Umegonga. Ukapiga. Sote tumekuona. Saa hii unatuambia nini?"

"Amebonyeza swichi. Asingeijua bila kuambiwa."

"Swichi gani? Hii gari nimeichomelea na mikono yangu, sijaona swichi yoyote."

Siri aliyoiweka ili kulilinda gari ilikuwa imemgeuka mchana kweupe. Nyuma, mtu mmoja akasema basi wanajuana hao, ni dili yao, ndiyo maana magari yanapotea hapa. Neno hilo lilipita kwenye umati haraka kuliko moto. Thuo aliona macho ya watu aliokula nao miaka yote yakibadilika. Macho ya Mbugua ndiyo yaliyobadilika zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amebeba aibu ya gari lile la mwezi uliopita, na sasa alikuwa amepata wa kumtwika.

Teke lilimpata Thuo mbavuni. Jingine likampasua sikio. Kando, tairi kuukuu lilikuwa linaviringishwa kuja, na mwendesha boda mmoja alikuwa amepiga magoti akikinga petroli kwenye chupa.

Ndipo Magan alipoingia. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mzima mwenye ndevu za hina, na kibanda chake kilitazamana na lango la gereji. Alimwinamia kijana, akamfuta uso kwa kikoi, akaduwaa.

"Huyu alikuja kwangu," alisema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Aliniuliza Thuo yuko wapi. Akakaa kwa benchi yangu akipiga simu haishikwi. Nyinyi, mwizi anaulizia fundi?"

Wachache walishusha mikono. Wengi hawakutaka kusikia. Damu ilikuwa imeshawapanda. Magan hakuwangoja. "Shika kichwa, fundi. Mimi miguu."

Walimbeba katikati ya makofi na mate, wakamsukumia kwenye kiti cha abiria, Thuo akakaa kwenye usukani. Lango lilikuwa limezibwa na pikipiki. Njia ya pekee ilikuwa nyuma, ambako uwanja unashuka kwa ghafla kupitia kilima cha taka, pembe na kwato, hadi mtoni. Hakuna gari lililowahi kushuka pale. Na gari likishuka kwa kuvutwa na magurudumu ya nyuma peke yake, lingezama kwenye tope na wangechomwa humo humo.

Kwa hivyo Thuo, kijana akikoroma damu kando yake, alifungua mlango akashuka tena.

Alipiga goti kwenye gurudumu la kulia akazungusha kifundo. Jiwe likamgonga kisogoni. Alitambaa mbele ya bampa hadi la kushoto, na alipokishika kifundo nondo ya Mbugua ikatua juu ya mkono wake. Vidole vitatu vikavunjika. Thuo alilia kwa sauti, akaendelea kuzungusha kwa kiganja mpaka akasikia kile kishindo kidogo cha meno kuumana. Mbugua aliinua tena. Thuo akamkamata mguu kwa mkono mzima, akamvuta, na alipoanguka akamkanyaga goti kwa nguvu zake zote. Goti likaenda mahali ambapo goti haliendi. Walitazamana tu, watu waliokuwa wamecheka pamoja juu ya bampa ile ile.

Magan alikuwa amesimama kwenye mlango wa pikapu, kisu cha kuchinjia kikiwa nje ya ala. Hakumtishia mtu nacho, lakini watu walikiona. Thuo akapanda, akaingiza gia ya mlima kwa mkono wa kushoto uliovunjika, akatoka, Magan akabaki nyuma.

Pikapu ilitumbukia kilimani. Kioo cha nyuma kilipasuka kwa mawe, vipande vikamwagika mabegani. Pembe za mbuzi zilivunjika chini ya matairi, taka zikateleza, gari likalala upande mpaka Thuo akaona mto kupitia dirisha la abiria. Springi zikainama, zikakataa, zikainuka. Kisha maji meusi yakaja. Yalipanda hadi kwenye taa, yakaingia chini ya milango, yakamlowesha kijana miguu. Injini haikukata. Iliendelea kuvuta pumzi kwa juu, kwenye lile bomba, na magurudumu ya mbele yakashika mawe ya chini yakaanza kuvuta. Wakapanda ukingo wa pili pua ikitazama mbingu, wakatokea kati ya kamba za nguo na akina mama waliokimbia wakikumbatia watoto.

"Usilale," Thuo alimwambia kijana. Alimgeuza uso dirishani ili damu itoke nje, isirudi kooni. "Nakuomba, usilale. Nani amekutuma? Ni Clare?"

Kijana hakuweza kusema. Aliinua vidole viwili kutoka kwenye paja, akavishusha, kama anayesema ndiyo.

Katika hospitali walimpokea kwa machela na kumpeleka ndani mbio. Thuo alibaki kwenye benchi la mbao, mkono umefura kama mkate, damu ya watu wawili kwenye ovaroli.

Clare alifika akikimbia. Alikuwa amepigiwa na Magan, ambaye alikuwa amekuta namba yake kwenye simu ya kijana iliyoangukia uwanjani. Alimweleza Thuo, maneno yakikatika, kwamba yule ni Jackton, kitinda mimba wao, aliyewasili jana kutoka Kisumu. Yeye mwenyewe alikuwa akifunga maboksi ya dawa huko Fedha. Alimtuma Jackton achukue gari, akampa ufunguo wa akiba, akamweleza kuhusu swichi, akampigia Thuo simu mara kwa mara na kumwandikia ujumbe. Huenda kijana aliona wakati unakwenda, akaona gari ni la baba yake, akaamua kulichukua.

"Mungu awalaani," Clare alisema. "Nani alianza kumpiga?"

Thuo angeweza kusema umati. Umati hauna jina wala uso.

"Ni mimi," alisema. "Niligonga rimu, nikampiga na spana. Taya nimemvunja mimi."

Clare alimtazama kana kwamba amezungumza lugha ngeni. Kisha akampiga. Alimpiga kofi, akampiga ngumi kifuani na usoni, juu ya sikio lililopasuka, akilia, na Thuo aliiacha mikono yake magotini. Mlinzi alisogea, Thuo akatikisa kichwa amwache. Clare aliendelea mpaka pumzi zikamwishia.

Alipokaa chini, macho yake yaliangukia kwenye mkono wa Thuo uliovunjika. Akavua skafu yake, akairarua kwa meno, akachukua kipande cha boksi kilichokuwa chini ya benchi, akaanza kuvinyoosha vidole kimoja kimoja. Hakufanya kwa upole.

"Usidhani nimekusamehe," alisema.

"Sijadhani."

"Polisi wakija utawaambia kama ulivyoniambia mimi. Hivyo hivyo."

"Nitawaambia."

Alikaza fundo. Daktari akatoka akivua barakoa, akasema jicho la kushoto limekwenda, taya itafungwa waya, mbavu zitajiunga. Akasema mgonjwa ana moyo wenye nguvu. Clare akafunika uso kwa viganja.

Nyuma ya mlango, Jackton alikohoa. Wote wawili wakainuka.