Majani ya Ndama

Naserian, mfugaji aliyeuza maziwa, alikuwa anaelewa Chasu, lugha ya Wapare, na pale Ndungu hakuna mteja wake aliyejua hilo. Alijifunza kwa hasira. Siku moja mashineni watu walimcheka mpaka wakashika mbavu, naye akabaki amesimama na kiroba chake cha unga, hajui kachekwa nini. Tangu hapo akawa anampelekea Dorkas, muuza chumvi, kikombe cha maziwa kila asubuhi, na Dorkas anamlipa kwa maneno. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Kuongea, ulimi bado ulikuwa mzito, lakini kusikia alikuwa anasikia mpaka matusi.

Na matusi hayakuwa machache. Kila akikaa uani kwa Beatha mama ntilie, akingoja kidumu chake cha maziwa kimiminwe, wateja walimsema mbele ya uso wake: ananuka moshi, na huko tambarare kwao wenye akili ni ng'ombe. Naserian alijifanya hamnazo. Anatazama barabara, anatafuna mswaki wake wa mti, na huku ndani anachemka.

Asubuhi moja walikaa hapo wanaume wawili asiowafahamu, wameteremka milimani na trekta. Yule mnene, mwenzake alimwita Tumainieli. Alikuwa anakunywa supu huku anajigawia ardhi ya watu. Alisema kwa Chasu kuna uwanda mzuri kule chini, majani yamefika magotini, hata unyayo wa mbuzi haumo, wafugaji wameuacha bure. Kamati ya ardhi ya kijiji ingekwenda kuukagua Alhamisi. Wakiukuta umelala, anapewa yeye alime mahindi. Mwenzake akauliza, na wenyewe wakidai ni mali yao?

"Watasema ni malisho ya ndama," Tumainieli akajibu. "Kila pori kwao ni la ndama. Kamati inataka kuona kwato, haitaki hadithi. Na wanaume wao wamehama na ng'ombe, wamebaki wanawake. Mwanamke wa kule atasema nini?"

Akacheka, kisha akamnyooshea Naserian bakuli tupu, akamwambia kwa Kiswahili ampelekee Beatha. Naserian akalipeleka.

Uwanda ule ulikuwa alalili yao. Alalili hufungwa kwa miiba mvua nzima, haikanyagwi, ili kiangazi kikishakausha kila kitu, ndama na ng'ombe wagonjwa wapate pa kula karibu na boma. Ndiyo maana majani yalifika magotini, jamani. Mtu umewawekea watoto chakula, jirani anafunua chungu anasema hakina mwenyewe.

Alimpigia simu mumewe, Sindato, aliyekuwa mbali na kundi kubwa la ng'ombe. Sindato kwanza aliuliza tangu lini mkewe anasikiliza Wapare wakiongea yao. Halafu akamkataza asiingize hata mbuzi mle. Awaeleze wajumbe vizuri, ni watu wazima, wataelewa. Naserian akamwambia hawataki kuelezwa.

"Mama Ezekiel," Sindato akasema, "ukiifungua alalili, ndama wakifa utajua wewe."

Akakata simu. Naserian aliitukana ile simu kwa lugha zake zote tatu.

Alhamisi, jua halijawa kali, yeye na mke mwenzake Naishorua waliondoa miiba. Wakaingiza ng'ombe wa maziwa waliobaki, na wa maboma ya jirani, na mbuzi, na punda. Mifugo ilikula kama inayokimbizwa. Majani yaliyolindwa tangu mvua ya kwanza yalilala chini ya kwato, na kila aliposikia ndama wakilia zizini, Naserian alitamani kumkaba mtu koo.

Wajumbe walifika kwa pikipiki, Tumainieli na mwenzake wakiwafuata na trekta lao. Waliona mavi mabichi, wakaona mifugo imejaa kila upande. Mwenyekiti wa kamati hata kushuka hakushuka. Alisema eneo lina wenyewe na linatumika, akamgombeza Tumainieli kwa kuwapotezea muda, wakageuza wakaenda zao.

Tumainieli hakuondoka. Aliuangalia uwanda uliovurugwa, akauangalia tena, na uso wake ukaanza kuchangamka. Akamgeukia mwenzake, akasema kwa Chasu bila haraka:

"Waache. Wamekula akiba yao wenyewe. Kiangazi ndama watakufa, watahama kwa njaa. Mwakani tutalima bila kumwomba mtu."

"Nimekusikia," Naserian akasema, kwa Chasu hicho hicho. "Na kwa Beatha nilikusikia, mchafu wewe, nikiwa nimeshika bakuli lako."

Tumainieli alipanda trekta, mwenzake nyuma yake. Akaliwasha, akaondoka, moshi ukawapiga wanawake usoni.

Naishorua alikuwa anacheka, anaruka, shanga zinamlia shingoni. Chasu hakujua hata salamu. Akamshika Naserian mkono, akataka aambiwe yote, yule mnene alisema nini mpaka akajibiwa vile.

Naserian aliwatazama ng'ombe. Walishafika ukingo wa mwisho, wanang'oa mpaka mizizi. Alitamani sana kumdanganya.

"Amesema ndama watakufa kiangazi."

"Mwongo mkubwa yule, dada."

"Hapana," Naserian akasema. "Hilo hakudanganya."