Pingamizi Lililochelewa Miaka Mitatu

Jumanne saa tatu asubuhi Verlie Arceneaux aliupitisha mkoba wake kwenye mashine ya mlangoni mwa mahakama ya rufani ya jimbo. Mlinzi alikuwa anakula soseji iliyojazwa wali, vidole vinang'aa mafuta.

"Ghorofa ya pili, Mama. Leo wanakaa majaji watatu."

"Na huyu yumo?" Verlie akatoa mkobani upepeo wa karatasi ngumu, wenye sura ya mwanamke anayetabasamu.

"Jaji Robichaux? Ndiye anakaa katikati."

Upepeo ule uligawiwa kanisani wakati wa kampeni, pamoja na sahani za kamba wa mtoni na mahindi. Majaji wa huko huchaguliwa kwa kura, miaka kumi kumi. Verlie alimpigia yake.

Mwanawe, Antoine, alifungwa miaka arobaini kwa ghala lililoungua na mtu ndani. Kwenye kesi hakusimama kujitetea, na kunyamaza ni haki yake. Mwendesha mashtaka akawaambia raia kumi na wawili walioteuliwa kuamua kesi, "Asiye na kosa angefungua mdomo." Sheria inakataza kabisa maneno hayo. Mzee Gaspard, wakili wa Antoine, akasimama kupinga, akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akakaa. Mchapaji wa mahakama hakuandika kitu, maana hakusikia kitu.

Sasa mahakama ya rufani haisikilizi mashahidi. Husoma karatasi zilizotoka mahakama ya chini, basi. Na kosa ambalo hakuna aliyelipinga palepale, kwao ni kama limesamehewa.

Wakili mpya wa Antoine alikuwa ametumia dakika saba kati ya ishirini zake za kuzungumza, sauti ya Gaspard ya siku ile ilipofika. Iliingia kwa mlango wa nyuma, imekwaruzika kidogo kwa safari, ikapita katikati ya viti mpaka mbele ya majaji.

"Napinga, Mheshimiwa! Anamwadhibu kwa kunyamaza!"

Jaji Robichaux akashusha miwani. "Hiyo ni ya nani?"

Gaspard, aliyekaa karibu na Verlie, akainuka. "Yangu, Mheshimiwa. Ya miaka mitatu iliyopita."

"Ilikuwa wapi?"

"Sijui. Hata mimi niliitafuta."

"Labda ilipanda basi," akasema jaji wa kushoto. Karani akacheka.

"Ni pingamizi zuri," akasema Robichaux. "Lingesemwa siku ile, leo tungeamuru kesi isikilizwe upya. Lakini halimo kwenye karatasi."

Verlie akamnong'oneza Gaspard, "Si amelisikia kwa masikio yake?"

"Amelisikia, Verlie. Ila hapa hawakuajiriwa kwa masikio."

Sauti ilirudia mara nne. Majaji wakangoja imalize, na muda huo hawakuuhesabu katika dakika za wakili.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki sita, mistari mitatu: hukumu inabaki. Mwaka huohuo hakuna aliyejitokeza kushindana na Jaji Robichaux, hivyo jina lake halikuwekwa hata kwenye karatasi za kura. Alipata miaka kumi mingine.

Sauti ilibaki ghorofa ya pili, ikiingilia kesi za talaka na mipaka ya mashamba. Karani akampigia Verlie simu.

"Mama, hii si kielelezo cha kesi, hatuna pa kuitunza. Njoo uichukue."

Alikwenda na kopo tupu la kahawa, akaitia humo.

Jumapili akalipeleka gerezani. Askari akalifunua, akasikiliza, akalifunika. "Haya, pita. Nilidhani ni chakula."

Antoine aliliweka kopo sikioni. Akaisikiliza sauti mpaka mwisho, akaisikiliza tena.

"Kumbe mzee ana sauti nzito hivi," akasema. "Chumba kizima kingesikia."

"Kingesikia," akasema mama yake.

Kengele ya kumaliza muda wa wageni ikalia. Wafungwa hawaruhusiwi kuwa na bati, kwa hiyo Antoine akamrudishia mama yake kopo, akaenda kupanga mstari na wenzake.