Faini Zilizofutwa Jumatatu

Mimi ni fundi cherehani, na nguo ya mteja haijawahi kulala kwangu kupita siku niliyoahidi. Deni linaninyima usingizi. Ndiyo maana mahakama ya watoto ilipomtoza faini binti yangu kwa kuvunja kioo cha duka katika ugomvi wa wasichana, sikutaka maneno mengi. Ana miaka kumi na sita, atalipa nini? Nikalipa mimi, kidogo kidogo: faini, ada ya faili, na ada ya ofisa wa kumfuatilia nyumbani, ambaye alikuja mara moja, akanywa chai, akaenda zake. Faili lisipofungwa, chuo cha uuguzi hakimpokei.

Mtoto wa jirani yangu, Mama Taratibu, alitozwa siku ileile. Mama mtu hakulipa hata senti.

"Wasubiri," alisema. "Wana haraka gani?"

Nilimcheka sana.

Kila mwezi nikirudi na risiti, nilimwakia binti yangu. "Unaiona? Hii ndiyo nyama ambayo hatukula." Mwanzoni alilia. Baadaye akawa anaosha vyombo tu.

Ijumaa nikauza cherehani yangu ya umeme, nikabaki na ile ya kukanyaga, nikamaliza salio lote. Jumatatu redio ikatangaza kwamba faini na ada zote za mahakama kwa watoto zimefutwa. Mama Taratibu alikuja kucheza mlangoni kwangu, mbaya yule!

Nilikwenda mahakamani mbio. Karani wa dirisha la malipo hakuinua hata macho.

"Zimefutwa kwa wanaodaiwa, mama. Wewe hudaiwi."

"Si nimelipa Ijumaa tu!"

"Naona hapa. Ahsante kwa ushirikiano."

Ahsante! Ningemrukia.

"Basi nirudishieni."

"Kilicholipwa hakirudi. Anayefuata!"

Njia nzima nilisema peke yangu, watu wakanipisha. Nikamkuta binti yangu jikoni, na hasira zote zikamwangukia yeye.

"Siku tatu! Cherehani yangu imekwenda bure kwa siku tatu, kisa wewe na mikono yako!"

Aliweka sufuria chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Kwa hiyo mahakama haimdai tena mtoto yeyote?"

"Hakuna."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akavuta kigoda, akaketi mbele yangu.

"Na wewe, mama, unanidai kiasi gani?"

Hakuuliza kwa jeuri. Ingekuwa jeuri ningejua la kufanya. Aliuliza kwa upole, kama mteja anayeuliza bei ya kushona gauni. Nilitaka kumwambia, mwanangu, sikudai kitu. Wallahi nilitaka. Lakini hesabu nilikuwa nayo kichwani hadi senti ya mwisho, na mdomo ulikuwa umeshaanza kuitaja.