Sufuria ya Vijana wa Maji

Maneno haya nilipewa na Kaswera mwenyewe, kule Butembo, mwaka ule vita vilipoanza kutulia na barabara ya Beni ikafunguka tena. Tulikuwa tumekaa mlangoni kwangu tukichagua maharagwe. Aliyasema maneno yake polepole.

Wakati wa vita Kaswera alikuwa akikaa upande wa Mabalako, kwa mama mkwe wake, Emérence. Mume wake, Kitsa, alikuwa Butembo, akichomelea milango ya chuma, na njia ilikuwa imekatika, hata salamu hazikupita. Kijijini walikaa vijana wa maji. Ndivyo watu walivyowaita, kwa sababu kabla ya kwenda kupigana walinyunyiziwa maji yenye dawa, na aliyenyunyiziwa, risasi ilimgeukia kuwa maji. Lakini dawa ile ilikuwa na masharti. Kijana asile kitu cha shamba la mtu bila kupewa. Asiguse mwanamke. Na chakula chake kisipikwe na mwanamke aliye mwezini.

Wanawake wa kijiji walipika kwa zamu. Aliyeona mwezi aliwaambia wenzake, "Miye niko inje," akakaa nje ya zamu mpaka amalize, na mwingine akashika mwiko. Basi, maneno yaliishia hapo.

Taabu ya Kaswera ni kwamba yeye hakumaliza.

Tangu mvua za mwaka uliotangulia, mwezi wake ulikuwa umeacha njia. Ulikuja kabla ya wakati, ukakaa, ukaondoka kidogo kama mgeni aliyesahau kofia, mara umerudi. Damu ilishuka na mabonge. Alikata kitenge cha zamani, akakata shuka, mwishowe akakata na nguo aliyoolewa nayo. Akipanda kutoka kisimani na ndoo, moyo ulimpiga kama watu wawili wanatwanga muhogo. Kucha zikawa nyeupe. Akaanza kutamani udongo, akawa anabandua wa ukutani na kuula akiwa peke yake.

Alisema "Miye niko inje" mara ya kwanza, akasema tena, na tena. Aliporudia kusema, Solange, jirani yake, aliweka mikono kiunoni.

"Kaswera, ile mwezi yako iko ya namna gani? Ya kwetu inakuya, inaenda. Ya kwako imejenga nyumba?"

"Hapana, anaogopa moshi tu," mwingine akadakia. "Si muke ya mutu wa ku ville, wa mjini!"

Wanawake wakacheka. Kaswera naye akacheka, kwa midomo tu. Zamu iliyofuata hakusema kitu. Alishika mwiko.

Alisonga bugali na kupika sombe ya majani ya muhogo, amejifunga vitambaa chini ya vitenge vitatu. Kila alipoinama juu ya sufuria alisikia damu ikishuka. Moyoni alikuwa anamwomba Mungu: E Nyamuhanga, leo tu, niache leo tu. Vijana wakala, wakalamba vidole, wakaondoka na nyimbo zao.

Waliporudi walikuwa wamembeba mwenzao mmoja, Mathe, kwenye machela ya miti. Risasi ilikuwa imemvunja mguu.

Mtu asidhani Kaswera aliichekea dawa ile. Aliiamini kama alivyoamini misa. Alipouona mguu wa Mathe umefungwa kwa majani ya mgomba, na mfupa ukionekana, alirudi nyuma ya wenzake. Ni miye, aliwaza. Ni miye nimemuvunja.

Abdias, mwenye dawa, akaita wanawake wote mbele ya ghala la kahawa. Alikuwa anatoka jasho, naye alikuwa na sababu yake. Wapiganaji walikuwa wameanza kumtazama vibaya. Dawa ikikataa na mkosaji asipatikane, mkosaji ni aliyeichanganya. Ilimlazimu apate mwanamke, na apate upesi.

"Nani alipika?"

Abdias alipita mbele yao akiwatazama usoni mmoja mmoja.

"Ninauliza tena. Bugali ile batoto bamekula mbele ya kwenda, nani aliipika?"

Solange alimtazama Kaswera, halafu akatazama vidole vyake vya miguu. Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta alishusha bunduki begani. Kaswera alisikia kitu cha moto kikimteremkia pajani. Akabana miguu. Kikifika chini, aliwaza, wataona wote. Akafungua kinywa aseme, iishe tu.

"Miye njo nilipika," ikasema sauti nyuma yake.

Emérence alipita katikati ya wanawake akifuta mikono kwenye kitenge. Huyu ndiye mama mkwe aliyekuwa hamalizi siku bila kumlaumu Kaswera: chumvi nyingi, kuni mbichi, salamu fupi. Hakuwa amewahi kumwita mtoto wangu.

"Weye, mama?"

"Miye. Huyu alileta kuni tu. Sasa nieleze, Abdias. Mwezi yangu ilikatika zamani, weye ukiwa ungali unakojoa ku mugongo ya mama yako. Nitaharibisha dawa yako na nini? Ao unataka kunichungulia?"

Vijana wawili watatu wakashindwa kuzuia kicheko. Abdias akageuka, wakanyamaza.

"Mama Emérence, hapa hatuchekake."

"Na miye sicheke. Uliza mugonjwa yako. Mutu akivunja sharti anajua yeye mwenyewe. Mathe! Mbele ya kwenda ku vita, ulitia nini mu kinywa?"

Mathe alifunga macho juu ya machela.

"Aa, mama, niache. Niko naumwa."

"Sema!"

"Avoka," Mathe akalia. "Mbili tu. Ya mu shamba ya Père."

"Avoka za Père!" Abdias akapiga makofi, na pumzi iliyomtoka ilisikika mpaka kwa wanawake. "Weye muongo! Unakula avoka ya kanisa, halafu unalia mguu!"

Wapiganaji wote wakaanza kumtukana Mathe, kila mtu na tusi lake, kwa furaha kubwa. Yule wa ukutani akarudisha bunduki begani. Wanawake waliambiwa waende.

Nyumbani Emérence alifunga mlango, akamzungusha Kaswera, akaona doa.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mvua ile ingine, mama."

"Na ulinyamaza."

"Nilisikia haya." Kaswera akamshika mkono. "Mama, Mathe, ni miye nilimuvunja. Utakufa juu yangu. Bakijua ulidanganya..."

"Zamu yako inarudi juma lijalo," Emérence akasema. "Sitaweza kupika mara mbili. Tunaenda Beni."

Asubuhi alimwambia Abdias kwamba chumvi imekwisha. Abdias akamwagiza mawe ya redio, betri kubwa, zile zisizovuja. Wakaondoka, Emérence mbele na kikapu, Kaswera nyuma na vitenge vyake vitatu.

Kwenye barriere ya mwisho, kizuizi cha njiani, vijana walikuwa wamelaza kamba ya majani barabarani, imetiwa dawa. Mwanamke aliye mwezini hakuruhusiwa kuivuka. Alitakiwa aseme, azunguke chini bondeni. Kaswera alisimama mbele yake. Kuzunguka ni kusema. Na akisema, watauliza ameanza lini, na hapo ndipo watamkumbuka aliyepika.

"Vuka," Emérence akanong'ona bila kugeuka.

"Na kama nitaua mwingine?"

"Vuka, nakuambia."

Aliinua mguu, akavuka. Alikuwa na hakika kwamba kamba itawaka moto, au mguu wake utakauka hapohapo. Nyuma yake alisikia mlinzi akisema, "Ngoja kwanza." Akaganda. Alipogeuza shingo, mlinzi alikuwa ameinama chini, pale pale alipopita. Alikuwa anakuna funza kwenye kidole cha mguu.

"Mutaleta hata sigara?" mlinzi akauliza.

"Leta mikono tukuletee kazi," Emérence akamjibu, wakaenda.

Walipopita kona Kaswera aliuliza, kwa sauti isiyofika mbali, "Mama, ulijua aje mambo ya avoka?"

"Sikujua. Avoka zimeiva, na kijana iko na njaa. Ningemutajia hata miwa angekubali."

Kaswera hakujua acheke au alie. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu barabara ilipanda ikamjia usoni. Alipofumbua macho alikuwa mavumbini, na Emérence alikuwa anagombana na mtu mwenye kinga, baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi hadi usukani haukuonekana.

"Shusha ndizi."

"Mama, ndizi ya watu hii!"

"Ndizi haikufe. Huyu anakufa. Shusha!"

Alishusha. Walimfunga Kaswera kwenye kinga kwa kamba za ndizi, na yule mtu akasukuma mpaka Beni, akinung'unika njia yote.

Hospitalini, infirmière, yaani muuguzi, aliyewapokea aliitwa Clémence. Alikuwa ametoka Kasai, vita vikamfungia huku. Alivuta kope la Kaswera chini, akapiga mluzi.

"Eh, mama! Uko mweupe kama bunga. Damu yote iko wapi?"

Munganga, daktari wa hapo, akampima tumbo kwa mikono, taratibu, akawaambia ni uvimbe kwenye kizazi. Wanawake wengi wanao, akasema, na wengi wanauficha mpaka wanaletwa wamebebwa. Kulikuwa na vidonge vya kupunguza damu na vidonge vya kuirudishia nguvu. Baadaye wangempasua na kuutoa uvimbe. Lakini kwanza ilibidi aongezewe damu, na bila kukawia, maana moyo wake ulikuwa unakimbia bure. Na damu ya akiba haikuwapo. Kila mgonjwa alitafutiwa mtu wake.

"Mume iko wapi?" Clémence akauliza.

"Butembo, na njia imekatika," Emérence akasema, akavuta kitambaa cha begani. "Toeni yangu. Yangu haina kazi ingine."

"Mama, uko na miaka ngapi?"

"Pima damu. Miaka utauliza nyuma."

Wakapima. Ilikubaliana na ya Kaswera. Walipomlaza Emérence kitanda cha jirani na kumchoma mkono, Kaswera alimshika Clémence vazi.

"Mama infirmière, nieleze ukweli. Kuko mutu amevunjika mguu juu ya damu yangu. Sasa banatia ya mama mukwe mu mwili yangu. Haitamurudilia vibaya?"

Clémence alisikiliza habari yote, sufuria, avoka na kamba, akiwa ameshika chupa mkononi.

"Wewe ungekuwa na damu ya kuvunja wanaume miguu," akasema, "wangekupa cheo cha général. Lala, mama. Mtu wenu alipigwa risasi. Basi."

Kaswera hakujua kama anaamini. Alikuwa bado anaogopa. Aliogopa kisu cha munganga, aliogopa siku ya kurudi Mabalako, aliogopa zaidi kufumba macho, maana alikuwa amesikia kwamba walioishiwa damu wanaondoka hivyo, katikati ya usingizi, bila kuaga.

Emérence alimaliza kutoa, akakataa kitanda, akatandika mkeka chini kando ya Kaswera, pamba ikiwa imebanwa kwenye kiwiko.

"Mama."

"Nini tena?"

"Usilale."

"Niko naangalia, mutoto yangu," Emérence akasema, na kabla hajamaliza alikuwa anakoroma, mdomo wazi, mchana kweupe, nje watu wakitangaza mikate.

Kaswera akabaki anatazama damu ya mama mkwe ikidondoka kwenye mpira, tone, na tone lingine. Alijiambia atayatazama yote mpaka la mwisho. Miguu yake, iliyokuwa baridi tangu mvua zile, ikaanza kupata moto. Akafungua macho kwa nguvu. Akayafungua tena. Halafu akalala.