Mihogo Kijitoni

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, na nalisema mwenyewe kabla Mama Hélène hajanitangulia kuwaambia.

Nilimpakia pikipiki yangu alfajiri pale Walikale, nimpeleke kijijini kwa mama yake, ng'ambo ya Itebero. Miezi miwili hakuwa na habari zake, na risasi zilikuwa zimesikika upande ule. Njia nzima nilimtania asipate nafasi ya kulia: bibi atatudai chumvi na sabuni kabla ya salamu. Hakucheka.

Tulikuta nyumba saba, zote zimefungwa kwa kufuli. Moshi hakuna, kuku hakuna.

"Leo Jumapili," nikasema. "Wako misa. Muntu akifunga mulango na kufuli, njo kusema atarudi."

"Misa gani haina wimbo, Papa Zéphyrin?"

"Padri iko anahubiri. Si unawajua!"

Nikakaa mlangoni kwa mama yake, nikanyoosha miguu, nikala ndizi zangu. Mimi mtoto wa Shasha, wa ziwani. Vita nimevikimbia mara tatu, nikajiona sina la kufundishwa kuhusu milango iliyofungwa. Saa sita ikapita. Mvua ikanyesha, ikakoma. Hakuna aliyerudi.

Hélène akashuka kijitoni kunawa uso. Alipopanda, mikono yake ilinuka uozo.

"Mihogo ya mama iko ndani ya maji. Imekuwa uji."

"Basi bibi amekuwa muvivu!"

"Mihogo michungu tunaloweka siku tatu, ine, sumu itoke. Hii imepita wiki mbili. Hakuna mwanamuke wa huku ataacha chakula ioze naye iko karibu."

Nikatazama chini. Majani machanga yalikuwa yameota kizingitini, palepale nilipokuwa nimelaza miguu yangu tangu asubuhi.

Basi nikaanguka upande wa pili, ndiyo kawaida ya mjinga.

"Pole, Mama Hélène. Wamekufa. Turudi Walikale, tuwaambie ndugu waketi matanga."

Aliweka jicho kwenye ufa wa ukuta, akachungulia muda mrefu.

"Juu ya jiko, pale mama anatundikaka mahindi ya mbegu ipate moshi, hakuna kitu. Sufuria iko. Mbegu hapana."

"Wezi."

"Mwizi abebe mahindi, aache sufuria? Halafu afunge kufuli muzuri?" Alijipangusa mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole. "Alikimbia. Lakini alipata wakati wa kuchagua. Mwenye kubeba mbegu anatafuta pa kulima. Shamba ya zamani ya baba iko ng'ambo ya kijito, mwendo ya saa tatu na miguu."

Akashuka tena kijitoni, nami nyuma yake. Msitu wa ng'ambo ulikuwa mweusi mchana kweupe, na tulikuwa tumeshapoteza nusu siku kwa ajili ya misa yangu.

"Pikipiki haipite kule!" nikapaza sauti, kumbe ni woga. "Hujaona muntu hata mumoja. Nani amekuambia mama yako iko muzima?"

Aligeuka, miguu tayari imo majini.

"Papa Zéphyrin, mufu habebake mbegu."